Moja kwa Thelathini na Mbili

Darasa la tano, mwalimu alinisimamisha
nikapigiwa makofi na darasa zima:
nusu ni kubwa kuliko robo,
robo ni kubwa kuliko thumni.
Namba ya chini ikipungua,
kipande cha mkate kinakua.
Sikusahau. Hesabu za kula hazisahauliki.

Machi, mimba ya miezi minne.
Tone la damu kidoleni, na kijimstari
kikajichora pale kisipotakiwa.
Wakachukua damu nyingine, ya mkononi,
kadi ikarudi na wino mwekundu:
kaswende, 1:32.

Neno lile nililijua kwa matusi ya sokoni.
Sikujua linaweza kukaa kimya
ndani ya mtu anayechuma chai kutwa,
hana kidonda, hana homa,
anagombana na karani wa mizani kama kawaida.

Sindano tatu, Jumanne kwa Jumanne,
dawa nzito kama uji wa ulezi.
Nilitoka nikiburuta mguu,
nikiwaambia wenzangu nimeteleza matopeni.
Asangalwisye akasema, "Mimi siumwi."
Nikamjibu, "Hata mimi."
Hilo ndilo lililomtoa nyumbani.
Usiku ule tulilala kifudifudi wote wawili,
kila mtu na upande wake unaouma,
bila kuulizana nani alianza.
Nilitaka kuuliza.
Bado nataka.

Julai. Ukungu umekaa Tukuyu
kama mgeni asiyejua kuaga.
Kadi ikarudi: 1:8.

Nikasimama nje ya maabara
na hesabu ya darasa la tano ikanikaba koo.
Thumni!
Kutoka chembe isiyomshibisha sisimizi
hadi thumni nzima ya mkate.
Kumbe imekula sindano zote tatu, ikanenepa.
Mtoto akajigeuza tumboni;
nikadhani anatafuta mlango.

Kuuliza si ujinga,
husema watu ambao majibu yao si damu.
Nilikaa kwenye benchi la nje
naifunga kadi kwenye pembe ya khanga, kama deni.

Nesi Tuntufye alinikuta hapo.
Hakuleta bango wala kitabu.
Alileta chupa yake ya chai,
akamimina kikombe: rangi, kali,
majani ya mashamba yetu haya haya.
"Nusu yake, jazia maji. Onja. Ni chai?"
Ni chai.
"Mwaga nusu, jazia tena."
Ni chai bado.
"Machi damu yako tuliizimua hivi,
mara mbili, mara nne, nane, kumi na sita,
mpaka thelathini na mbili, na ladha bado ipo.
Leo tukivuka nane tunaonja maji.
Si mkate huo, mama Lusekelo.
Ni chai inayokwisha rangi."

Na kile kijimstari cha kidoleni?
"Huenda kisifutike hata uzeeni.
Hilo ni kovu. Usilifunge bandeji."

Na huyu?
Nikaweka mkono tumboni.
Hapo hakumimina kitu.
Alifunga kifuniko cha chupa, taratibu, mpaka mwisho.
"Akizaliwa tutampima na yeye.
Uje kuzalia hapa. Usimfiche."
Akaniandikia tarehe.

Nikanywa kile kikombe cha mwisho,
baridi, hakina rangi wala utamu,
nikakinywa chote.
Ndaga, nikasema.

Nikateremka kati ya migomba
nikihesabu kwa sauti, kinyumenyume,
thelathini na mbili, kumi na sita, nane,
na mbwa wa watu wakinibwekea.

Asangalwisye alikuwa jikoni, anamenya viazi.
Hakuinua macho.
"Wamesemaje?"

Nikavua sweta lililolowa ukungu.
"Bandika maji," nikamwambia,
"na ulete vikombe vyote tulivyonavyo."